Matawi ya Mwalimu Barthélemy

*Glenwood, Durban. Jumapili, 2 Agosti 1998*

Msimamizi wangu amesema Kilatini changu kinachechemea. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Miaka yote ile ya seminari kule Bukoba, nikiimba zaburi bila kutazama kitabu, leo nashindwa na mshairi wa mji mdogo wa Italia ambaye hata Waitaliano wenyewe wamemsahau.

Anaitwa Anselmo. Miaka mia saba iliyopita alikuwa karani wa mahakama, na akitoka kazini alizunguka kwenye maghala ya watawa akitafuta vitabu vya washairi wa Roma ya kale vilivyokuwa vikiliwa na panya. Akikipata kimoja anakinakili, kisha anatunga mashairi yake kwa kufuata mtindo wao. Mji wake ukamvika taji la majani kichwani kwa heshima. Baadaye mji huohuo ukamfukuza. Mimi, Ladislaus, ndiye niliyejitwika kuandika maisha yake, na tasnifu inatakiwa mwanzoni mwa Desemba.

Padri amenielekeza kwa mzee mmoja Mkongo anayekaa Greyville. Nimeamua kuandika shajara hii ili nikifeli nijue nilifelia wapi.

*9 Agosti*

Nyumba iko karibu na uwanja wa mbio za farasi. Chumba cha mbele ni saluni ya Henriette; chumba cha nyuma anakaa mjomba wake, Mwalimu Barthélemy, aliyefundisha Kilatini Uvira mpaka vita vya mwaka tisini na sita vilipomtoa. Nilimwamkia shikamoo.

"Shikamoo ya nini? Miye niko mufalme?" akasema. "Sema bonjour, ukae, unisomee."

Nikasoma. Sikufika mbali, akainua mkono.

"Unasoma kama mutu anakimbia mvua. Soma tena. Mara tatu. Nyuma ya mara ya tatu ndiyo tutaanza kuelewa."

Ndio utaratibu wake. Shairi husomwa kwa sauti mara tatu, na mara ya kwanza na ya pili hairuhusiwi hata kuuliza. Baada ya hapo yeye hulitoa kwa Kiswahili chao, mimi naandika kwa changu. Nimetoka na kichwa kinauma, ila beti nne za Anselmo zimenifungukia. Mzee ana majivuno kama ya maaskofu watatu. Nimempenda.

*16 Agosti*

Hatukufanya kazi. Vita vimeanza upya kwao na redio haikuzimwa kutwa nzima. Henriette alisuka nywele za watu sikio likiwa redioni.

*30 Agosti*

Leo nilifika mapema, Mwalimu hajarudi kanisani, nikakaa saluni. Henriette alikuwa akimsuka Mama Laurette, anayeuza vitambaa. Nikauliza kijana kwenye picha ukutani ni nani.

"Ni Josias, mutoto ya Tonton. Eko Maritzburg, anauza viatu. Hawasemezani."

Tonton ndivyo anavyomwita mjomba wake, na Maritzburg ni mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa. Akanieleza huku mikono ikienda. Walipokimbia Uvira, mke wa Mwalimu, Mama Cathy, alibaki nyuma kumngojea dada yake. Mwalimu na Josias wakatangulia. Mwaka jana, mwezi wa tatu, habari ikafika hapa Durban: Mama Cathy amefia kambini upande wa Kigoma, kwa kipindupindu.

"Batu bote bakakuja hapa bangojee matanga," akasema Henriette. "Tonton akajifungia na bitabu yake. Hapana wimbo. Hapana kukaa chini na batu. Hapana hata tawi moja kwa mulango. Josias alilia kwa barabara, peke yake. Kisha akasema: Papa, miye nitarudia hapa siku ya matanga yako. Akaenda."

Mama Laurette akasonya, akasema wanaume wa vitabu Mungu aliwaumba siku aliyokuwa amechoka. Tukacheka. Mwalimu akaingia, Mama Laurette akageukia bei za vitambaa.

*13 Septemba*

Mvua. Bata wa mwenye nyumba wamefurahi, mimi sijafurahi.

*20 Septemba*

Siku ya ajabu kidogo. Tulifika kwenye shairi refu ambalo Anselmo anasimulia alivyopanda milima siku kadhaa kufuata kitabu kilichosemekana kuwa katika nyumba fulani ya watawa. Theluji, nyumbu wake kuteleza, mlinzi wa ghala mlevi, vyote vimo. Limechangamka kweli. Karibu na mwisho, bila kupiga hodi, mstari mmoja: mke wangu alikufa, nami nilikuwa natafuta kitabu. Kisha anaendelea kueleza jalada la kitabu lilivyokuwa.

Tulisoma mara tatu kama kawaida. Mwalimu akatafsiri vizuri mpaka mstari huo, akavua miwani.

"Hiyo unaiweza. Andika mwenyewe."

Akasema amechoka, nirudi wiki ijayo. Nikaandika mwenyewe. Ni Kilatini cha mtoto wa darasa la kwanza, sikuona alichochokea.

*4 Oktoba*

Sura ya tatu imepita, na msimamizi ameisifu hasa ukurasa wa themanini. Nimeandika pale kwamba Anselmo alikuwa mtu baridi: kifo cha mkewe alikipa mstari mmoja, jalada la kitabu akalipa sita. Nimeongeza kwa mbwembwe, "Hakulia." Nilijiona mwandishi.

Nikamsomea Mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza nilisoma lile shairi mara ngapi.

"Mara tatu, Mwalimu. Tulisoma pamoja."

"Aya," akasema. Mimi nikadhani amekubali.

*18 Oktoba*

Leo aliniudhi. Nimekuta anamfokea Henriette kwa kuweka mafuta ya nywele juu ya kamusi. Henriette ndiye anayemlisha, anayemfulia, anayemlipia kodi, na anajibiwa kwa Kifaransa cha shuleni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nimerudi kwa miguu mpaka Berea nikimsema moyoni. Sasa namwelewa Josias.

*25 Oktoba*

Namwelewa mzee pia. Nilifika akiwa kwenye duka la simu la Sébastien, pale kona, ameshika simu sikioni. Sébastien akaninong'oneza kwamba kila Jumapili baada ya misa huja kumpigia mwanawe. Inaita, haipokelewi. Mwalimu aliporudisha simu mahali pake aliipangusa kwa leso kwanza, ndipo akaniona.

"Tuende," akasema. "Anselmo anatungojea."

*1 Novemba*

Josias amepokea.

Henriette aliniambia mlangoni kabla sijaingia, amenishika mkono. Hawakuongea mengi. Mzee aliuliza afya, kijana akajibu. Mzee akauliza kama atakuja Noeli. Kijana akasema, "Nitaona, Papa."

"Nitaona! Unasikia, Ladi? Hakusema hapana."

Mwalimu siku nzima alikuwa mtu mwingine. Hata makosa yangu aliyapitisha. Alipokosa la kufanya na furaha yake akampigia pasi Henriette taulo za saluni, akaunguza moja.

*15 Novemba*

Tumemaliza shairi la taji. Mji mzima ulitoka Jumapili ya pili ya Majilio, wanafunzi na mishumaa mbele, tarumbeta nyuma, wakaenda hadi mlangoni kwa Anselmo, wakamvika. Mwalimu alilisoma kwa sauti ambayo bila shaka ndiyo waliyokuwa wakiisikia wanafunzi wake kule Uvira. Nikawaza: watu wangapi amewafundisha, na nani amewahi kumwambia ahsante.

Wazo likanijia kwenye robot ya pale Berea, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, nikachelewa kuvuka.

*29 Novemba*

Henriette amelikubali wazo langu na anakwenda mbele kuliko mimi. Wakongo wote wanaomjua Mwalimu wamealikwa Jumapili ijayo saa nane, atapikwa mbuzi, mimi nitasoma shairi, tutamvika taji. Mwenye nyumba wangu ana ule mti ambao Wahindi wa hapa hutia majani yake kwenye biriani. Ndio mti wenyewe, majani aliyovikwa Anselmo. Ameniruhusu nikate.

Mwalimu amejifanya kukasirika. "Miye taji? Munanicheka." Halafu akauliza suti yake ya kijivu iko wapi.

Josias hakualikwa. Henriette alisema tusimsukume, yeye amekwisha kusema ataona Noeli, tumwache aje kwa miguu yake.

*4 Desemba*

Tasnifu imejalidiwa na kukabidhiwa. Jalada jekundu. Nimelala mchana kama mtoto.

*6 Desemba, Jumapili ya pili ya Majilio*

Sijui nianzie wapi. Nianze na matawi.

Kwetu mgeni wa heshima hapitishwi mlango mtupu. Askofu akija Bukoba, njia nzima hupambwa kwa migomba na matawi ya mitende, mpaka mbuzi wanashiba. Wafanyakazi wa manispaa walikuwa wamepogoa mitende Ijumaa, nikaomba matawi, wakanipa mengi. Leo asubuhi nikayafunga kwa waya kwenye geti la Henriette, kushoto na kulia, na mawili nikayalaza yakipishana pembeni mwa barabara. Henriette alikuwa jikoni, Mwalimu anavaa. Nilitaka iwe mshangao. Nilivuka barabara nikasimama upande wa pili nitazame kazi yangu, nikapendezwa nayo sana.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Laurette, mapema mno. Alikuja bila viatu, kitenge amekifunga kiunoni, akilia kwa sauti inayosikika mpaka uwanja wa farasi. Nyuma yake wanawake wengine watatu, nao wakilia. Nikasema moyoni, kumbe Wakongo hushangilia hivi. Nikafungua geti nikitabasamu.

"Karibuni, karibuni sana!"

Mama Laurette alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Wakati huo Mwalimu, aliyesikia kilio, akatokea saluni amevaa suti ya kijivu, na taji kichwani. Alikuwa akilijaribu mbele ya kioo cha Henriette. Kilio kikakatika. Mmoja wa wale wanawake akakaa chini palepale. Kisha Mama Laurette akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia nguzo, na wengine wakamfuata.

Henriette akaja na mwiko mkononi. Akaona geti.

"Ladi," akasema taratibu, "ni nani alikufa?"

Ndipo nikaambiwa. Kwao matawi ya mtende mlangoni ni tangazo la msiba. Huhitaji kuuliza, ukiyaona unaingia na kulia. Nikajitetea kwamba hata Jumapili ya Matawi tunabeba haya haya. Mama Laurette akasema Jumapili ya Matawi watu hubeba, hawafungi kwa geti ya mutu. Mwalimu mwenyewe alicheka kuliko wote. Alisema ni wachache wanaobahatika kuona matanga yao na kula nyama yake. Henriette akaniambia niyatoe upesi kabla moyo wa mtu haujasimama.

Nikatoka na koleo. Sébastien akavuka barabara kutoka dukani kwake, uso umemshuka. Nikamwambia Mwalimu mzima, ni kosa langu. Hakucheka.

"Nilishapigia Josias," akasema. "Toka saa nne. Niliona matawi, nikapiga simu."

Taxi ya Maritzburg, daladala za huku, ilisimama kabla sijakata waya wa pili. Akaruka kijana wa kwenye picha, mwembamba zaidi, shati la kazi, macho mekundu. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Alikufa saa ngapi?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi: hajafa, nimekosea mimi. Badala yake nikasema, "Ingia ndani," nikidhani kuwa akimwona mzima atafurahi na mambo yote yatapona kwa mara moja. Niliwaza kama mtu anayeandika mchezo wa kuigiza.

Aliingia. Mwalimu alikuwa amekaa katikati ya watu, taji kichwani, soda mkononi, akicheka bado. Akamwona mwanawe. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile.

"Josias. Ulikuja."

Alidhani amekuja kwenye sherehe. Josias alisimama akimtazama, kisha akawatazama watu, masufuria, lile taji.

"Ni nani aliweka matawi?"

"Ni mimi," nikasema. Hakugeuka kunitazama.

"Mama hakupata hata tawi moja," akamwambia baba yake, kwa sauti ya chini. "Nilikuomba, Papa. Nilikuomba kwa magoti, kwa ile mulango ya chumba yako. Weye uko muzima, unapata muti yote. Na unakula."

"Josias, ngoja. Hapana vile."

"Nililia toka Maritzburg mpaka hapa. Nilisema, sikumusamehe, na sasa alikufa. Batu ya ndani ya taxi bananishika mabega." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikusamehe kwa njia, Papa. Nilishakusamehe. Na ni muchezo."

Akatoka. Pale getini akavuta tawi moja, waya ukamkata kiganja, akalivuta tu mpaka likatoka. Akaondoka nalo begani kuelekea kwenye robot. Taxi nyingine ikamchukua. Tawi lilichomoza dirishani mpaka ikapinda kona.

Mwalimu alifika getini amechelewa. Alivua taji, akalitia mfukoni mwa koti. Watu wakaondoka mmojammoja, Henriette akiwafungia nyama kwenye karatasi.

Nimerudi chumbani nikafungua shajara hii nyuma, tarehe thelathini Agosti. "Hapana hata tawi moja kwa mulango." Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Henriette aliniambia, nikaona ni namna yake ya kusema, nikacheka utani wa Mama Laurette. Mstari wa Anselmo nausoma mara tatu. Neno la mtu aliye hai mbele yangu sikulirudia hata mara moja.

*7 Desemba*

Nilikwenda kuomba msamaha na kutoa matawi yaliyobaki. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni, hajanyoa.

"Acha," akasema. "Sasa iko na kazi."

*9 Desemba*

Joto. Henriette ananijibu, lakini kwa neno moja moja. Namwona kwa jicho jingine. Miezi yote hii nilimchukulia kama mlango wa kupitia kwenda kwa Mwalimu.

*12 Desemba, Jumamosi*

Leo mchana Mwalimu ameweka matanga ya Mama Cathy.

Watu waliingia wakilia, na safari hii ndivyo ilivyotakiwa. Viti vilitolewa nje. Mwalimu alikaa chini kwenye mkeka, bila viatu, picha ya mkewe magotini. Sikuwahi kumwona amekaa chini. Walipoimba hakujua maneno, Henriette akawa anamtangulizia, naye anafuata kama mwanafunzi. Alilia. Nasema wazi kwa sababu niliwahi kuandika juu ya mtu mwingine kwamba hakulia, bila kuwapo.

Alikuwa amemwomba Sébastien alete simu, na Sébastien akavuta waya kutoka dukani, akaupitisha juu ya ukuta na dirishani. Mwalimu akapiga mwenyewe. Aliishika mbali na sikio ili Josias asikie watu wakiimba, na kwa hiyo sisi tuliokaa karibu tukasikia yote.

"Josias. Ni matanga ya mama yako. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Matawi iko kwa mulango. Niko chini, kwa mukeka. Kuja. Tutakungojea."

Henriette akaashiria watu wapunguze sauti.

"Papa," Josias akasema, "ile tawi nilibeba, niliiweka kwa mulango yangu siku ileile. Batu ya huku bakakuja. Tulimulilia mama mpaka asubui. Matanga yake iliisha."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Hukuniita," akasema.

"Nilikungojea sana, Papa."

Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Akamwambia baba yake alale vizuri, asikae sana kwenye sakafu na lile goti lake. Kisha simu ikakatika. Mwalimu aliendelea kuishika. Mama Laurette akaanza wimbo mwingine, na sisi tukaitikia, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuja.

*20 Desemba*

Kesho kutwa naondoka kwenda nyumbani. Nimekwenda Greyville kuaga. Matawi yamekauka, mwenye nyumba wao amelalamika, tukayatoa mimi na Henriette. Aliniambia nimsalimie mama yangu. Nikamwambia samahani, akasema, "Eish, Ladi," akaendelea kukunja waya. Pale palipokuwa na lile tawi alilolivuta Josias, waya bado una damu iliyokauka. Hakuukunja huo, aliuacha kwenye geti.

Noeli Josias hatakuja. Hakusema, lakini hakuna anayeuliza tena. Jumapili hii Mwalimu hakwenda dukani kwa Sébastien.

Alinitaka nimsomee shairi la safari ya milimani. Nikasoma mara moja, mara mbili, mara tatu, taratibu, kama alivyonifundisha. Nilipomaliza nilidhani amesinzia. Akaanza kulitoa kwa Kiswahili, theluji, nyumbu, mlinzi mlevi, na alipofika kwenye ule mstari hakuvua miwani.

"Bibi yangu alikufa," akasema, "na miye nilikuwa natafuta kitabu."

Maneno yaleyale niliyoyaandika mwenyewe mwezi wa tisa. Sikuwa nimeyasikia.

Akaniuliza kama niliandika hivyo kwenye tasnifu. Nikamwambia ndiyo, niliandika. Kilichofuata sikukirudia; alikwisha kukisikia mwezi wa kumi. Jalada jekundu liko kwenye rafu ya chuo, limepigwa muhuri, na ukurasa wa themanini bado unasema kwamba alikuwa mtu baridi, hakulia.